Teknolojia katika kufundisha uundaji wa modeli za kihisabati

Matumizi ya teknolojia katika kufundisha uundaji wa modeli za kihisabati ni njia ya kufundisha hisabati ambamo wanafunzi hutumia kikokotoo, kompyuta au simu ili kulieleza tatizo la maisha halisi kwa lugha ya hesabu, kulitatua, kisha kulipima jibu dhidi ya hali yenyewe. Modeli ya kihisabati inaweza kuwa mlinganyo, jedwali, grafu au programu ya kompyuta. Haiwi picha kamili ya jambo linalochunguzwa. Huchukua mambo machache yanayoonekana kuwa muhimu na kuyaacha mengine kwa makusudi.

Kazi ya teknolojia hapa ni kubeba hesabu ndefu, ili muda wa somo utumike katika yale ambayo mashine haiwezi kumfanyia mwanafunzi: kuchagua nini kiingie katika modeli, nini kiachwe, na kuamua kama jibu lililotoka linaaminika. Teknolojia hiyohiyo ikitumiwa vibaya huficha kazi hizo, kwa sababu hutoa jibu nadhifu hata pale ambapo swali liliulizwa vibaya.

Hatua za kuunda modeli

Waandishi wa elimu ya hisabati hueleza uundaji wa modeli kama mzunguko. Mwanafunzi huanza na hali halisi, kwa mfano shule isiyo na maji ya kutosha wakati wa kiangazi. Huirahisisha kwa kuweka dhana, yaani mambo anayoyachukulia kuwa kweli ili aweze kuanza. Huandika uhusiano wa kihisabati kati ya vipimo alivyovichagua, hukokotoa, hutafsiri jibu kwa lugha ya kawaida, kisha hulilinganisha na hali halisi. Jibu lisipolingana, hurudi kwenye dhana zake na kuanza tena.

Katika maswali mengi ya vitabu vya kiada, hatua za mwanzo na za mwisho zimeshafanywa na mwandishi. Swali linalosema "tenki la umbo la silinda lina nusu kipenyo cha mita 1 na kimo cha mita 2, tafuta ujazo wake" halimpi mwanafunzi nafasi ya kuamua chochote. Ni zoezi zuri la ujazo, lakini si zoezi la modeli. Swali la modeli huuliza: "Shule yetu inahitaji tenki la ukubwa gani?" Mwanafunzi hugundua mara moja kwamba hana taarifa za kutosha, na kwamba ni juu yake kuzitafuta au kuzikisia.

Mwaka 1983 ulifanyika Exeter, Uingereza, mkutano wa kwanza wa kimataifa wa walimu wa uundaji wa modeli, na mikutano hiyo imeendelea hadi leo. Nchini Marekani mashindano ya modeli kwa wanafunzi wa vyuo yalianza mwaka 1985. Timu za watu watatu hupewa tatizo lililo wazi, hulifanyia kazi kwa siku kadhaa na kuandika ripoti.

Vifaa vilivyotumika tangu zamani

Teknolojia ya hesabu haikuanza na kompyuta. John Napier wa Uskoti alichapisha majedwali yake ya logarithi mwaka 1614, na kwa zaidi ya miaka 300 majedwali ya aina hiyo yalikuwa ndiyo mashine ya hesabu ya wanaastronomia, mabaharia na wanafunzi. Kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kuwekwa mfukoni, HP-35, kilitoka mwaka 1972. Mwaka 1985 kampuni ya Casio ilitoa kikokotoo cha kwanza chenye uwezo wa kuchora grafu.

Kwa uundaji wa modeli, hata hivyo, kifaa kilicholeta mabadiliko makubwa zaidi ni lahajedwali. Programu ya kwanza ya aina hiyo kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutolewa mwaka 1979. Ubora wake ni mmoja tu: ukibadilisha namba katika seli moja, kila seli inayoitegemea hubadilika papo hapo. Mhasibu aliona faida yake mara moja. Mwalimu wa hisabati naye alipata kitu ambacho ubao na chaki haviwezi kumpa, nacho ni swali la "itakuwaje kama", linalojibiwa kabla darasa halijapoteza hamu.

GeoGebra ilianzishwa na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwaka 2001. Huunganisha jiometri, aljebra na grafu, na hutumiwa bure shuleni. Ndani yake mwanafunzi anaweza kusogeza kitelezi na kuona grafu ikibadilika kadiri namba fulani katika mlinganyo inavyoongezeka au kupungua. Phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, hutumia vihisio vilivyomo ndani ya simu kupima mwendo, sauti na mengineyo.

Vifaa vya kupima vina thamani yake hata vikiwa rahisi sana. Simu yenye saa ya kupimia muda inatosha kuchunguza bembea ya kamba na jiwe. Kamba ya sentimita 100 hukamilisha mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Wanafunzi wakiulizwa urefu gani utatoa sekunde 1, wengi husema sentimita 50. Wakipima hukuta si kweli, kwani inatakiwa takriban sentimita 25. Kosa hilo, wakilipata wenyewe, huwafundisha kwamba si kila uhusiano ni wa mstari mnyoofu.

Mfano wa tenki la maji ya mvua

Mfano ufuatao unafaa kidato cha pili hadi cha nne na hauhitaji hisabati ya juu. Msingi wake ni ukweli mmoja rahisi: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita ya mraba 1, huleta lita 1 ya maji.

Tuchukue shule iliyoko mahali pakavu kama Dodoma, ambako mvua za mwaka huwa takriban milimita 550 hadi 600 na miezi ya Mei hadi Oktoba huwa karibu haina mvua kabisa. Shule ina paa la bati la mita za mraba 200. Wanafunzi ni 300, na kila mmoja hupewa lita 1 ya maji ya kunywa kwa siku, kwa siku 20 za masomo katika mwezi. Sehemu ya mvua hupotea kwa kumwagika na kukauka, hivyo inachukuliwa kwamba asilimia 80 ndiyo inayofika kwenye tenki. Mvua za kila mwezi zilizotumika hapa ni za zoezi, zenye jumla ya milimita 550. Darasa linaweza kuweka badala yake vipimo vya mahali pake.

Hesabu ya mstari mmoja ni hii: 550 × 200 × 0.8 = lita 88,000 kwa mwaka. Mahitaji ni lita 6,000 kwa mwezi, yaani lita 72,000 kwa mwaka, hata tukipuuza likizo. Maji yanazidi mahitaji kwa lita 16,000. Mwanafunzi mwenye kikokotoo huishia hapa, hupigia mstari jibu lake, na kuandika kwamba maji yanatosha.

Lahajedwali huonyesha jambo jingine. Kila mwezi hupewa safu mlalo yake, na maji yaliyobaki mwisho wa mwezi hupatikana kwa kuchukua yaliyobaki mwezi uliotangulia, kujumlisha yaliyoingia na kutoa yaliyotumika. Kuna masharti mawili: jibu lisizidi ujazo wa tenki, maana yanayozidi humwagika, na lisiwe chini ya sifuri. Iwapo yaliyobaki yako katika safu wima E, yanayoingia katika C, matumizi katika D, na ujazo wa tenki umeandikwa katika seli H4, kanuni ya mwezi wa kwanza huwa =MAX(0,MIN($H$4,E2+C3-D3)), na hunakiliwa kwenda chini. Seli E2 ni maji ya kuanzia, hapa sifuri. Kwa tenki la lita 10,000 matokeo ni haya:

| Mwezi | Mvua (mm) | Yanayoingia (lita) | Matumizi (lita) | Yaliyobaki (lita) |
|---|---|---|---|---|
| Novemba | 30 | 4,800 | 6,000 | 0 |
| Desemba | 110 | 17,600 | 6,000 | 10,000 |
| Januari | 130 | 20,800 | 6,000 | 10,000 |
| Februari | 110 | 17,600 | 6,000 | 10,000 |
| Machi | 110 | 17,600 | 6,000 | 10,000 |
| Aprili | 60 | 9,600 | 6,000 | 10,000 |
| Mei | 0 | 0 | 6,000 | 4,000 |
| Juni | 0 | 0 | 6,000 | 0 |
| Julai hadi Oktoba | 0 | 0 | 6,000 kila mwezi | 0 |

Maji yanakwisha kabla Juni haijamalizika, na watoto hukaa miezi minne mizima bila tone la maji ya tenki. Hesabu ya mwaka haikukosea katika kuzidisha wala kujumlisha. Ilikosea kwa kuchukulia, bila kusema, kwamba maji ya Januari yanaweza kunywewa Septemba. Hiyo ni dhana, na ilikuwa imejificha.

Hapo ndipo kubadilisha seli moja kunapokuwa na maana. Wanafunzi hujaribu tenki la lita 20,000, kisha 30,000, kisha 40,000. Wakifikia takriban lita 37,200 upungufu hutoweka kuanzia mwisho wa mvua hadi mvua zinazofuata: lita 36,000 za miezi sita ya ukame, na lita 1,200 zinazopungua Novemba. Matenki manne ya lita 10,000 yanatosha.

Mwalimu asiwaache hapo. Aulize: "Na mvua zikipungua kwa robo?" Seli ya mvua ikizidishwa kwa 0.75, akiba mwishoni mwa Aprili huwa lita 32,400 tu, na maji hukwisha katika mwezi wa Oktoba. Wanafunzi wengi hukimbilia kuongeza tenki. Wanaandika 50,000, halafu 80,000, na jedwali halibadiliki hata kidogo, kwa sababu tenki haliwezi kuhifadhi maji ambayo hayakuingia. Kinachosaidia ni paa. Wakifunga mifereji kwenye jengo la pili lenye paa la mita za mraba 100, matenki yaleyale ya lita 40,000 huvuka kiangazi hata katika mwaka huo mbaya. Kwa shule inayochanga fedha za wazazi, tofauti kati ya kununua tenki la tano na kununua mifereji si ndogo.

Kisha modeli yenyewe ikosolewe. Mwezi ni kipindi kirefu, na mvua moja kubwa ya usiku inaweza kujaza tenki na kumwagika hata kama jumla ya mwezi inaonekana kuwa ya kawaida. Likizo hazikuhesabiwa. Maji ya kunawa, ya kupikia uji na ya vyoo hayamo. Walimu nao hunywa maji. Kila pingamizi huwa seli mpya au safu mpya, na kundi lililozoea kazi hii huanza kuyaona mapungufu kabla ya kuambiwa.

Kuna desturi moja ya kiufundi inayofaa kusisitizwa tangu siku ya kwanza: kila dhana ipewe seli yake juu ya ukurasa, ikiwa na jina lake kwa maneno. Mwanafunzi anayeandika 0.8 na 200 ndani ya kanuni ameficha dhana zake, na baada ya wiki moja hata yeye hatakumbuka 0.8 ilitoka wapi.

Mfano wa sensa za Tanzania

Modeli ya tenki hujengwa kutokana na sababu zinazojulikana. Aina nyingine huanza na takwimu zilizokusanywa na kutafuta mstari unaozifuata. Sensa za Tanzania zilitoa idadi zifuatazo za watu, kwa mamilioni:

| Mwaka | Watu (milioni) |
|---|---|
| 1967 | 12.3 |
| 1978 | 17.5 |
| 1988 | 23.1 |
| 2002 | 34.4 |
| 2012 | 44.9 |
| 2022 | 61.7 |

Zoezi lenye mafunzo mengi ni kuwapa wanafunzi safu nne za kwanza tu na kuwataka watabiri mbili za mwisho. Wajifanye wako mwaka 2002 na wanapanga idadi ya madarasa, walimu na zahanati za miaka 20 ijayo.

Mtego wa kwanza uko katika aina ya grafu. Miaka kati ya sensa hailingani: ni 11, 10, 14, kisha 10 na 10. Grafu ya kawaida ya mstari katika lahajedwali huichukulia miaka kama majina tu na kuipanga kwa nafasi sawa, hivyo kipande cha 1988 hadi 2002 huonekana kupanda kwa kasi kuliko ilivyo. Inatakiwa grafu ya nukta, ambayo huweka kila mwaka mahali pake kwenye mhimili. Kosa hili hufanywa hata na watu wazima katika ripoti za kazini.

Anayetumia mstari mnyoofu kutoka 1967 hadi 2002 hupata ongezeko la takriban watu milioni 0.63 kwa mwaka, na hutabiri milioni 47.0 kwa mwaka 2022. Sensa ilikuta milioni 61.7. Pengo la karibu watu milioni 15 ni watu wanaohitaji shule, dawa na maji, na ambao mpango usingewaona. Mstari mnyoofu huchukulia kwamba idadi ileile ya watu huongezeka kila mwaka, hali watoto wa leo ndio wazazi wa kesho.

Anayetumia ukuaji wa asilimia huandika =(34.4/12.3)^(1/35)-1 na kupata takriban asilimia 2.98 kwa mwaka. Modeli yake hutabiri milioni 46.1 kwa mwaka 2012 na milioni 61.9 kwa mwaka 2022. Darasa hushangilia: sensa ya 2022 imekosewa kwa milioni 0.2 tu. Mwalimu makini huwarudisha kwenye mwaka 2012, ambako modeli ilizidisha kwa zaidi ya watu milioni 1. Inawezekanaje modeli ikosee katika miaka 10 na kupatia katika miaka 20?

Jibu hupatikana kwa kukokotoa kasi ya kila kipindi peke yake. Kati ya 1967 na 1978 idadi iliongezeka kwa zaidi kidogo ya asilimia 3.2 kwa mwaka. Kasi ilishuka hadi takriban 2.8 katika kipindi kilichofuata, ikawa 2.9 hadi mwaka 2002, ikashuka hadi 2.7 hadi mwaka 2012, kisha ikapanda hadi 3.2 kati ya 2012 na 2022. Modeli ilishika wastani mmoja. Kipindi kimoja kilikuwa chini ya wastani huo na kilichofuata kilikuwa juu yake, makosa mawili yakafutana. Kupatia jibu si ushahidi kwamba modeli ilieleza kilichotokea, na si rahisi kumfundisha kijana jambo hili kwa maneno matupu. Akiona namba zake mwenyewe zikifanya hivyo, halisahau.

Hatari ya mstari unaopita kila nukta

Programu nyingi za lahajedwali zina kitufe cha kuongeza mstari wa mwelekeo kwenye grafu, na humruhusu mtumiaji kuchagua polinomia hadi ya digrii ya 6. Wanafunzi huigundua haraka, na hugundua pia kwamba kadiri digrii inavyopanda ndivyo mstari unavyokaribia nukta. Kwa sensa sita, polinomia ya digrii ya 5 hupita katikati ya kila nukta bila kukosea hata moja. Programu huandika kwamba ulinganifu ni 1, alama ya juu kabisa.

Waambiwe wairudishe modeli hiyo nyuma. Kwa mwaka 1957 hutoa takriban watu milioni 0.7, hali hesabu za Tanganyika za mwaka huo na za Zanzibar za mwaka uliofuata zilikuwa jumla ya takriban milioni 9. Kwa mwaka 1947 hutoa takriban milioni 35 chini ya sifuri. Nchi yenye watu hasi! Wakiisogeza mbele hadi mwaka 2042 hutoa takriban milioni 176, wakati ukuaji wa asilimia 3 kwa mwaka kuanzia 2022 hutoa takriban milioni 111. Mstari ulioshika nukta zote haukujua chochote kuhusu kuzaliwa, kufa wala kuhama. Ulijua nukta tu.

Kuna tahadhari ndogo ya kiufundi hapa. Ni vizuri kuhesabu miaka kuanzia 1967, yaani 0, 11, 21 na kuendelea, badala ya kuandika miaka yenyewe. Mwaka kama 2022 ukipandishwa hadi kipeo cha 5 hutoa namba kubwa mno, na kwa kuwa mlinganyo unaoonyeshwa kwenye grafu huwa umekadiriwa, mwanafunzi anayeunakili hupata majibu ya ajabu ambayo si kosa la modeli bali la kukadiria.

Modeli ya ugonjwa wa kuambukiza

Njia ya safu kwa safu iliyotumika kwa tenki hufaa pia kwa mambo ambayo milinganyo yake ni migumu kwa sekondari. Mwaka 1927 William Kermack na Anderson McKendrick, waliofanya kazi Edinburgh, walichapisha modeli ya ueneaji wa magonjwa inayowagawa watu katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, na waliokwisha kupona. Mlinganyo wake huhitaji kalkulasi, lakini kwa hatua za siku moja moja inatosha kujua kuzidisha na kutoa.

Shule ya bweni yenye wanafunzi 500 ikianza na mgonjwa mmoja, ambaye kwa wastani huambukiza watu 0.4 kwa siku, huku mgonjwa mmoja kati ya watano akipona kila siku, wagonjwa wa wakati mmoja hufikia karibu 80. Kipimo cha kuambukiza kikipunguzwa kutoka 0.4 hadi 0.3, yaani kwa robo tu, kilele hushuka hadi zaidi kidogo ya 30. Wanafunzi hutarajia robo ilete robo. Kwa muuguzi mwenye vitanda 40, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama wagonjwa watalala sakafuni.

Darasa lenye kompyuta moja au bila kompyuta

Shule nyingi hazina chumba cha kompyuta, na pengine umeme hukatika katikati ya kipindi. Kazi hii haihitaji kila mwanafunzi awe na mashine. Kompyuta moja yenye projekta, au hata simu moja kwa kila kundi la wanafunzi sita, hutosha ikiwa utaratibu ni mzuri. Utaratibu unaofaa ni kwamba hakuna seli inayobadilishwa kabla kila kundi halijaandika kwenye daftari linatarajia nini kitatokea, na kwa sababu gani. Bila sharti hilo, mwenye kushika kipanya hucheza na wengine hutazama.

Pasipo kompyuta kabisa, wanafunzi wenyewe wanaweza kuwa lahajedwali. Wanafunzi 12 husimama mstari mmoja, kila mmoja akiwa mwezi wake na kadi ya mvua mkononi. Wa kwanza hukokotoa maji yaliyobaki, huyaandika kwenye karatasi na kumpa jirani yake, naye huendeleza. Mzunguko mmoja huchukua dakika chache. Mwalimu akibadilisha ujazo wa tenki, mstari mzima huanza upya, na baada ya mara tatu wanafunzi wenyewe husema kwamba wangependa mashine iwafanyie. Wakati huo wanaelewa mashine inafanya nini, jambo ambalo aliyeanza na kompyuta mara nyingi halijui.

Upimaji

Mtihani wa karatasi wenye muda mfupi hupima ukokotoaji vizuri lakini hupima uundaji wa modeli kwa shida. Walimu wanaofundisha stadi hii hutumia ripoti fupi ya kundi, ya kurasa mbili au tatu, ikifuatwa na maswali ya ana kwa ana. Alama hugawanywa kwa uwazi wa dhana, usahihi wa hesabu, kulinganisha jibu na hali halisi, na kueleza mahali ambapo modeli haifai kutumiwa. Grafu yenye rangi nyingi isipewe alama kwa urembo wake.

Tangu programu za kompyuta zinazojibu maswali kwa maneno zilipoenea, mwanafunzi anaweza kupata lahajedwali iliyokamilika bila kuijenga. Maswali ya ana kwa ana hutenganisha haraka aliyejenga na aliyepewa. Mwalimu huelekeza kidole kwenye seli moja, kwa mfano ile ya 0.8, na kuuliza: namba hii umeitoa wapi, na bati likiwa na kutu na mashimo ungeandika ngapi?